Kibao cha kuandikia au kipaza sauti: kipi kwanza kwa darasa mseto?

MwalimuUbungo: Wakuu, salaam. Muhula ujao idara yetu inaingia darasa mseto, wiki moja ukumbini, wiki moja mtandaoni. Nina laki nne. Ninunue kile kibao cha kuandikia kwa kalamu kinachochomekwa kwenye laptop, nifundishe mubashara kwa Zoom? Au kipaza sauti kizuri nirekodi video, wajisomee kwa muda wao? Jumamosi naenda Kariakoo, naomba mawazo.

Binti_Kurasini: Mkuu, swali umelileta nusu. Unafundisha somo gani? Wangapi? Wana laptop au simu? Chuo kina Moodle, ule mfumo wa kuwekea masomo mtandaoni, au mnaishi kwenye grupu la WhatsApp?

ChakiNyeupe: Kipaza sauti, tena bila kujiuliza. Picha yenye ukungu mtu anavumilia. Sauti ikikwaruza, kashaondoka.

MwalimuUbungo: Samahani wakuu. Takwimu, mwaka wa kwanza, kama 180 hivi. Wengi simu. Moodle ipo ila mimi napandishia slaidi tu.

Fundi_Fomula: Ungesema takwimu tangu mwanzo! Chukua kibao. Mkengeuko sanifu haufundishwi kwa slaidi zilizopikwa tayari. Mwanafunzi auone mkono ukikokotoa, ukikosea, ukifuta.

Binti_Kurasini: Zoom ya bure inachukua watu 100 na inakata dakika ya 40. Hao 80 utawaweka wapi, barazani? Kaulize kitengo cha TEHAMA kama chuo kina leseni kabla hujatoa hata senti.

MzeeWaMbezi: Niwape yangu. Mara ya kwanza naambiwa nifundishe mtandaoni, nilirekodi mhadhara mzima, saa moja na dakika hamsini, usiku, watoto wamelala. Nikavaa hadi tai. Katikati ikashuka mvua ya masika, na paa langu ni bati. Nikapandisha sauti, nikaendelea kama mhubiri wa stendi. Kulipopambazuka jogoo wa jirani naye akachangia hoja. Faili likatoka kubwa mno, kulipandisha Moodle kumenilia bando la wiki. Wiki ya pili nafungua ripoti: kati ya wanafunzi 140, waliogusa ile video ni 11. Nikampigia CR, kiongozi wa darasa, kwa hasira. Akanijibu kwa adabu kabisa, "Mwalimu, bumu la mkopo halijatoka. Tunachangiana bando chumba kizima." Nilikosa la kusema. Siku hizi natoa vipande vya dakika sita au saba, kila kimoja wazo moja, na pembeni naweka sauti tupu. Dakika 10 za sauti ya kbps 64 hazifiki MB 5. Hiyo hata wa Mbagala anaipakua akiwa kwenye daladala.

ChakiNyeupe: Si nilisema sauti?

Dk_Kigamboni: Mzee hujakosea. Mwaka 2014 Philip Guo na wenzake walichambua utazamaji wa video za edX, jukwaa la kozi za mtandaoni, mamilioni ya vipindi. Video iwe ndefu vipi, watazamaji wengi hawavuki dakika 6.

Fundi_Fomula: Hao wa edX walikuwa wanachoka, Dokta. Wa kwetu anaishiwa MB. Ni magonjwa mawili tofauti.

Dk_Kigamboni: Dawa ni ileile, mkuu, kata vipande. Kosa letu ni kuhamishia mhadhara mtandaoni halafu ukumbini tunaurudia uleule. Mtandaoni wasome wazo, ukumbini wafanye maswali nawe ukipita katikati yao. Na Moodle ina swali la kukokotoa: fomula moja, ila namba zinabadilika, kila mtu anapata zake. Jibu la jirani halimfai. Linafaa takwimu kuliko kifaa chochote cha Kariakoo.

Mama_Kosiweki: Mimi kwenye mubashara lazima kamera ziwashwe. Bila hivyo unafundisha majina.

Binti_Kurasini: Dada, ulishakaa hosteli? Wako wanne chumbani, mmoja anakaanga mayai, mwingine katoka kuoga na khanga. Waache wazime. Uliza swali kila dakika kumi, wajibu kwa kuandika. Asiyejibu utamjua.

Mama_Kosiweki: Nilikaa, na tulikuwa tunavaa.

Fundi_Fomula: 😂 Turudi kwenye mada. Mwalimu, kabla ya kununua jaribu hivi: karatasi nyeupe mezani, simu imelala juu ya mirundo miwili ya vitabu, kamera ikitazama chini, na kalamu nyeusi ya maka. Nilifundisha hivyo muhula mzima.

ChakiNyeupe: Na ukienda Kariakoo jaribu kifaa palepale dukani. Mimi niliuziwa boksi zuri, ndani kipaza sauti hakina uhai.

MwalimuUbungo: Asanteni. Ya karatasi nitaijaribu leo usiku. TEHAMA nimewapigia, hawapokei. Ila kibao bado nakitamani, jamani. Kuna mwenye kilichotumika anauza?

MzeeWaMbezi: Ninacho, kalamu yake imepotea. Njoo inbox.

Mama_Kosiweki: Mzee, hiyo kalamu inauzwa peke yake? Hata mimi yangu mtoto kaitafuna.