Mashimo ya Mfalme Sulemani: bado tuwasomee watoto?

MamaNasra (Tanga): Naombeni ushauri. Namsomea binti yangu wa miaka 11 Mashimo ya Mfalme Sulemani, ile riwaya ya Rider Haggard ya Wazungu watatu wanaosafiri Afrika hadi penye almasi za Sulemani. Ile ya Kiswahili ya Frederick Johnson, iliyotoka 1929, marehemu baba alikuwa nayo ikaliwa na mchwa, kwa hiyo nasoma ya Kiingereza huku namfasiria. Juzi usiku tumefika sura ya 17. Foulata, msichana aliyemuuguza Kapteni Good, mmoja wa hao watatu, mpaka akapona, anachomwa kisu na yule ajuza Gagool. Anakata roho mikononi mwa Good, na katika maneno yake ya mwisho anasema kwamba anafurahi kufa, maana jua halioani na giza, wala mweupe haoani na mweusi. Nikafungua kinywa kufasiri, nikakwama. Nasra akaniangalia: "Mama, kasemaje?" Nikamwambia kaaga tu. Nimemdanganya mwanangu, na tangu hapo sina raha. Zimebaki sura 3. Nimalizie, niruke, au nikifunge kabisa?

MzeeChangombe: Mwanangu, malizia. Sisi tulikisoma shule ya kati, nakala moja darasa zima, tunapokezana hadi kibatari kinaishiwa mafuta. Hakuna aliyejidharau kwa sababu ya Haggard. Umbopa alipovua nguo na kuonyesha nyoka aliyechorwa kiunoni, kumbe huyu mtumishi ndiye Ignosi, mfalme halali wa Wakukuana, wenyeji wa nchi ile, darasa lilipiga kelele mwalimu akaja mbio. Tulikuwa tunamtazama Ignosi, si wale Wazungu watatu. Na kile Kiswahili! Johnson alikosea kimoja tu, jina. Mashimo ni ya panya. Panapotoka almasi panaitwa machimbo.

Rehema_K: Mzee, shikamoo, lakini ninyi mlikuwa wavulana. Haggard mwenyewe anakitabaruku kwa wavulana wote, wakubwa na wadogo, watakaokisoma. Mwanzoni kabisa msimulizi, Quatermain, anajivuna kwamba humo hamna mwanamke ila Foulata, na Gagool hamhesabu kwa sababu ni kizee. Halafu huyo mmoja anayehesabiwa anauawa, na mbele kidogo Quatermain anasema kufa kwake kulikuwa heri, kuliepusha matata. Mama Nasra ana binti. Asome hayo kwa sauti gani?

KijanaWaGeita: Shikamoo mzee. Kitabu hicho sijakisoma, ila hapo pa panya umenigusa pabaya. Mwaka wa 9 huu nashuka duarani kuchimba dhahabu. Unashuka kwa kamba, tochi kichwani, unapanda na salfeti ya mawe mgongoni, jasho na vumbi vimeshakuwa tope shingoni. Mwenye shimo ndiye anayelisha kambi. Tunasema "shimo limetema", hatusemi "chimbo limetema". Kaka yangu alifukiwa na kifusi, tulimtoa siku ya tatu. Yule hakufia kwenye tundu la panya.

MzeeChangombe: Marahaba. Pole sana kwa kaka yako, Mungu amrehemu. Sikukusudia kukuumiza. Lakini lugha ni lugha, kijana. Mahali pa kuchimbia ni machimbo.

BintiMvita: Lugha ni lugha, lakini ya nani? Huyo Johnson mnayemsifu ndiye aliyekuwa katibu wa kwanza wa Kamati ya Lugha ya 1930, ile ya kusanifisha Kiswahili. Na kabla ya hapo, 1928, walikaa papa hapa Mombasa wakaamua Kiunguja ndicho kitakuwa sanifu. Kimvita kikawekwa kando mjini mwetu wenyewe! Babu yangu akiandika "ndia" na "mato" shuleni alikatwa alama, na hayo ndiyo maneno aliyonyonya kwa mamake. Kwa hiyo msinifundishe neno lipi sahihi kwa kumtaja mtu wa kamati.

Mkwezi: Dada, utenzi wa Kimvita bado tunausoma mpaka leo, hakuna aliyeufuta. Ilibidi ichaguliwe lahaja moja ili vitabu vichapwe. Bila hiyo Mama Nasra wa Tanga na kijana wa Geita wasingeelewana hapa.

BintiMvita: Ilibidi kwa nani? Watu wa Lamu na Unguja walikuwa wakiandikiana barua kwa herufi za Kiarabu na kuelewana kabla Johnson hajazaliwa. Mimi sikatai sanifu, naiandika hapa. Nakataa kuambiwa tulifanyiwa hisani.

FundiZamani: Nirudi shimoni, maana kijana wa Geita ana haki kuliko anavyojua. Kabla ya sura hiyo ya Foulata, wasafiri wanapita ukingoni mwa shimo kubwa la mviringo, kina chake futi 300 na zaidi, mzunguko wake kama nusu maili. Good na Curtis, wenzake Quatermain, hawaelewi wanachokiona. Quatermain anawaambia wangekuwa wamefika Kimberley, kule Afrika Kusini, wangejua, hayo ndiyo machimbo ya almasi ya Sulemani. Haggard alikwenda Natal, huko huko Afrika Kusini, 1875, na Kimberley walikuwa wameanza kuchimba 1871, kwa sululu na koleo. Kwa hiyo Johnson hakukosea. Ni shimo kweli.

Kilichonikaa rohoni mimi ni jambo jingine. Wakukuana wanaishi hapo hapo, lakini haimpitii Quatermain kichwani hata mara moja kwamba babu zao ndio waliochimba, au waliojenga ile barabara kuu ya mawe. Kwake ni watu wa Sulemani, au labda Wafoinike, wale mabaharia wa kale wa pwani ya Lebanon. Magofu ya mawe ya Zimbabwe Kuu nayo yalisemwa hivyo hivyo. Mwanaakiolojia Gertrude Caton-Thompson alikwenda kufukua pale mwaka 1929, mwaka ule ule wa tafsiri ya Johnson, akasema wazi kwamba ni kazi ya Waafrika. Pale pale Zimbabwe ikaja kuokotwa sarafu ya Kilwa yenye jina la Hasan bin Sulemani, sultani aliyekutana na msafiri Ibn Battuta 1331. Dhahabu ya bara ilishuka bandari ya Sofala, ikapanda hadi Kilwa. Sulemani wa hadithi hii alikuwa wa kwetu, na waliochimba walikuwa wa kwetu.

KijanaWaGeita: Ngoja. Yaani kitabu kinasema shimo lote hilo lilichimbwa na wageni, na wenyeji wakakaa pembeni wakiliangalia? Nani aliwahi kuona shimo Afrika hii limechimbwa na mgeni kwa mikono yake? Hata leo mwenye leseni hashuki.

Mkwezi: Na lile tukio la jua kupatwa, Wazungu wanajifanya wao ndio waliolizima. Hapo mimi nilicheka nikiwa mdogo, leo nakasirika.

Rehema_K: Ni mwezi, si jua. Ninacho hapa mkononi.

Mkwezi: Jua. Nakumbuka vizuri kabisa, yule mzee wa Kikukuana, Infadoos, anatetemeka.

FundiZamani: Wote mko sawa. Chapa ya kwanza ya 1885 ilikuwa jua. Baadaye Haggard akabadilisha, kwa sababu usiku wa kuamkia siku hiyo kulikuwa na mwezi mpevu, na jua haliwezi kupatwa mwezi ukiwa mpevu.

BintiMvita: Sisi kupatwa kwa jua na kwa mwezi kuna swala yake, tunatoka tunaswali, tunarudi nyumbani kula. Halafu mtu anaandika kwamba Mwafrika atakimbia akipiga mayowe.

MamaNasra: Jamani, nimesoma yote na nimejifunza, lakini nauliza habari ya mtoto. Kila jioni anakaa kitandani ananingoja.

Rehema_K: Dada, mwambie ukweli wa maneno yale, kisha umfikishe sura ya 19. Ignosi anawaaga wale watatu na kusema hakuna Mzungu mwingine atakayevuka milima yake. Hataki wafanyabiashara wenye bunduki na pombe, hataki na watu wa kusalisha. Watatu hao tu ndio wana ruhusa ya kurudi. Haggard huyo huyo aliyeandika la Foulata ndiye aliyeandika na hilo. Mimi mtoto wangu ningemsomea yote mawili.

MamaNasra: Nimemwambia jana. Nimemwambia nilikudanganya, Foulata alisema hivi na hivi. Alinyamaza sana. Halafu akaniomba turudi nyuma, pale Good ana homa na Foulata amekaa saa 18 bila kujinyoosha, asije akamwamsha. Akahesabu kwa vidole, kutoka saa ngapi hadi saa ngapi. Akauliza: "Na yeye nani alimpa maji?" Nikatafuta kwenye ukurasa. Haikuandikwa.

KijanaWaGeita: Mama Nasra, ukimaliza naomba hiyo nakala. Nataka nisome mwenyewe hapo pa shimo.

MzeeChangombe: Ya Kiingereza itakusumbua. Mimi ninayo ya Johnson, jalada limetoka. Nitumie namba yako pembeni, niipakie kwenye basi la Geita. Ila ujue inaishia pale wanapofika ukingoni mwa machimbo. Kurasa za baada ya hapo hazipo.