Mgeni akitaka kushuka kwenye gari kule mtoni unamkatazaje na tipu yako iko mkononi mwake?

DerevaKaskazini (Arusha)
Wadau habari za jioni. Mimi ni dereva muongoza watalii huku Arusha, mwaka wa 9 sasa, naomba ushauri maana hili jambo limenikaa rohoni. Mnakumbuka ile video ya Julai 2025, watalii wameshuka kwenye magari kando ya mto Mara upande wa Serengeti, nyumbu wanataka kuvuka wanakuta watu wamesimama palepale pa kupitia. Mtandaoni watu waliwasema sana wale wageni, TANAPA (shirika la hifadhi za taifa) nao wakatoa tamko, sawa, ila mimi nilikuwa nawaza wale madereva waliokaa kwenye usukani, kwa sababu yalishanikuta.

Nilikuwa na familia ya watu wanne, tumekaa mtoni toka saa moja asubuhi, lanchi boksi tumelia humohumo ndani, saa nane nyumbu ndio wakaanza kukusanyika. Gari la jirani wageni wakashuka. Baba wa ile familia akaniuliza mbona wale wameshuka, nikamwambia hairuhusiwi, akasema dakika moja tu, mkewe naye akaongezea tumelipa hela nyingi kufika hapa. Nikanyamaza. Akafungua mlango. Wale nyumbu wa mbele waliokuwa wameshafika ukingoni wakageuka, kundi lote likafuata, wakapanda mlima na siku ile hawakuvuka tena.

Mshahara wetu mnaujua, safari ya siku 6 tipu ndiyo ada ya mtoto, na mgeni akiandika rivyu mbaya anayeitwa ofisini ni wewe. Nauliza kwa nia njema kabisa, nyie mnawaambiaje, kwa maneno gani, bila ugomvi?

MtuWaNarok
Pole kaka. Huku Maasai Mara, Kenya, ni hayohayo, ila mimi naona tusimtupie mgeni peke yake. Anatoka kwao ameonyeshwa tangazo la nyumbu wakiruka majini, ameambiwa Agosti ataona, hakuna aliyemwambia nyumbu anaweza kusimama pale ukingoni masaa manne halafu arudi zake. Kwa hiyo akiona wanakusanyika anachanganyikiwa. Halafu sisi wenyewe tunaitana kwa redio, dakika kumi magari yamejaa kila mtu anatafuta mahali pa mbele ili wageni wake wapate picha, na mgeni anatuangalia. Akiona dereva mwenyewe anaziba njia ya mnyama, atashindwa vipi kuona kwamba sheria ni za kusoma tu getini? Mimi siku hizi napaki mbali na ukingo, wakilalamika nawaambia tukisogea hawavuki, mkitulia mtaona. Wengi wanaelewa.

BintiMkunazini (Unguja)
Assalam alaykum. Ndugu yangu mie natembeza wageni Mji Mkongwe, shida yetu ni mavazi. Mtu anatoka ufukweni Nungwi anashuka Darajani sokoni na nguo ya kuogelea, wazee wanatoka msikitini wanainamisha macho, na mabango yapo yamebandikwa. Zamani nilikuwa nawaambia palepale njiani, wananuna, maana nimemuaibisha mtu mbele za watu, hata ungekuwa wewe ungenuna. Sasa nazungumza nao hotelini kabla hatujatoka, nakwenda na kanga mbili mkobani, nawaambia kule tunakokwenda ni majumbani mwa watu, kuna skuli ya watoto, kuna misikiti, na sisi tukienda kwa mtu tunajisitiri. Mwezi wa Ramadhani nawaeleza pia habari ya kula na kunywa barabarani. Wallahi sijawahi kukataliwa, wengine kanga wananunua kabisa. Kwa hiyo kaka kosa lako lilikuwa ni saa. Kule mtoni nyumbu wameshafika, ulikuwa umeshachelewa.

WaGoma_Musanze
Naunga mkono dada. Mimi ni wa Goma, Congo, lakini nafanya kazi Musanze, Rwanda, kibali cha kuona gorila hapa ni dola 1500 kwa mtu mmoja kwa saa moja tu. Hiyo ya "tumelipa hela nyingi" tungeisikia kila siku. Ila asubuhi kabla ya kupanda mlima wote wanakusanywa Kinigi, kwenye ofisi za hifadhi, wanagawanywa makundi ya watu 8, wanaelezwa umbali wa kukaa, kutokula mbele ya gorila, na mwenye mafua asipande. Na wanapewa sababu, kwamba gorila anashika magonjwa yetu na mafua yako yanaweza kumuua. Mtu mzima ukimpa sababu anajiona amekabidhiwa kitu cha kulinda, ukimpa katazo tupu anakuona askari.

MwanafunziKyoto
Niko Japani kimasomo. Hapa Kyoto mabango yalijaa mtaa wa Gion na bado watalii walikuwa wanawafukuzia wale maiko (wasichana wanaojifunza ugeisha) barabarani kuwapiga picha, mpaka 2024 vichochoro vya watu binafsi vikafungwa kwa watalii. Yaani wakaazi walichoka kabisa, na wageni wastaarabu nao wakakosa. Kuna nchi ya visiwa inaitwa Palau, toka 2017 mgeni anagongewa kiapo ndani ya pasipoti na anasaini kwa mkono wake, anawaahidi watoto wa Palau kwamba atatunza kisiwa chao. Hilo la kusaini nimelipenda sana. Hata wewe unaweza kuwa na karatasi yako.

DerevaKaskazini
Nimesoma zote, asanteni sana, hasa wewe dada wa Mkunazini, hilo la saa limenigusa maana ni kweli mimi huwa nasubiri mpaka kosa litokee. Alhamisi napokea wageni watano, nimeandika hivi, nitawasomea hapahapa Arusha kabla ya kupakia mabegi: "Kule mtoni tutakaa ndani ya gari mpaka mwisho. Nyumbu akimwona mtu amesimama anaogopa na kundi zima linarudi, na wengine wana watoto wadogo. Wageni wa gari lingine wakishuka, sisi hatushuki. Naomba mnikubalie sasa hivi, kila mmoja." Halafu wasaini. Tatizo ni kwamba hawa wanatoka Ufaransa na wawili ni wazee Kiingereza hawakijui, mimi Kifaransa changu ni bonjour tu.

WaGoma_Musanze
Nitumie inboksi, nakuandikia leo usiku.