Kinyama kwenye jicho: nikatwe, nipigwe leza au niache?

Boda_Nzuguni:
Wakuu habari za jioni. Mimi naendesha boda, kijiwe changu stendi ya Nzuguni, Dodoma, mwaka wa saba huu. Mnaoijua Dodoma mnalijua vumbi la Agosti. Helmeti yangu kioo kilipasuka kitambo, nikakitoa, nikawa nakula upepo hivyo hivyo.

Sasa jicho la kulia, upande wa puani, pameota kinyama chenye vimishipa vyekundu. Kilianza kama punje ya mchele, leo kimeshapanda kwenye sehemu nyeusi. Ikifika jioni jicho jekundu utadhani nimekunywa. Juzi dada mmoja kanitazama usoni, akageuka akapanda boda ya jirani. Wa duka la dawa alinipa matone. Nikiweka asubuhi, mpaka saa sita jicho jeupe pee. Huu ni mwezi wa tano tangu nianze, nimemaliza vichupa vinne. Kijiweni kuna jamaa anasema nikapigwe leza, shemeji yake alipigwa akatupa miwani. Mnanishauri nini?

Mvuvi_Kilwa:
Pole mkuu. Hicho sisi wa baharini ndiyo ndugu yetu, jua la juu na jua la kwenye maji. Mara ya kwanza walinikata wakaacha peupe, hospitali siitaji. Haukupita mwaka, kikarudi kinene kuliko cha mwanzo. Mara ya pili daktari alichuna kiutando chembamba chini ya kope ya juu, akakipandikiza pale alipokata. Kukata kwenyewe husikii kitu, shughuli ni siku tatu za baadaye, kama una mchanga jichoni. Hakijarudi. Kwa hiyo ukifika uliza: mnakata tu au mnapandikiza?

BiMkubwa57:
Mwanangu, asali mbichi tone moja kila usiku. Marehemu bibi alitutibu wote.

Nesi_wa_macho:
Bi Mkubwa shikamoo. Asali tuiache kwenye chai.

Boda, kinyama chako sicho kinachonitisha, ni hivyo vichupa vinne. Soma ubavuni. Ukikuta deksametasoni au prednisoloni, usinunue kingine, nenda ukapimwe presha ya jicho wiki hii hii. Dawa hizo zinaondoa wekundu kweli, ila zikitumiwa miezi zinaweza kupandisha presha ndani ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Mtoto wa jicho tunamtoa na kuweka lenzi ya plastiki, unaona. Presha haiumi, inakula uoni wa pembeni taratibu, na kilicholiwa hakirudi. Nimepokea vijana wa umri wako wakiongozwa mkono.

Leza ya shemeji ni habari nyingine. Ile wanachonga kioo cha mbele cha jicho ili aliyekuwa haoni mbali aone bila miwani. Haitoi kinyama. Na shemeji akivuka arobaini atarudi kutafuta miwani ya kusomea kama sisi.

Kinyama kidogo huwa tunakiacha. Tunakata kikikaribia mboni, kile kitundu cha katikati ya sehemu nyeusi, au kikikivuta kioo cha jicho mpaka uone ukungu. Ila kikikua haraka haraka, au kikiwa na weupe mgumu juu yake, usingoje: huku kwetu ipo saratani ya jicho inayofanana nacho sana, na jua kali na VVU vyote vinaichochea. Hata ukikatwa, omba kipande kiende maabara.

Boda_Nzuguni:
Nimesoma kichupa kwa tochi ya simu. Deksametasoni.

Boda_Nzuguni:
Mrejesho wakuu. Jana nimeenda. Unaweka kidevu kwenye mashine, inakupuliza upepo jichoni, mara ya kwanza niliruka wakacheka. Kushoto 16, kulia 27. Daktari kasema mwisho wa kawaida ni 21, akauliza matone nilikuwa naweka jicho gani. La kulia tu. Akanyamaza kidogo. Kanipa ya kushusha presha, narudi baada ya wiki mbili. Kinyama hakijafika mboni, kinasubiri.

Kioo cha helmeti nimepata kwa fundi, cha rangi ya chai. Mchana safi, usiku sioni kitu, nakipandisha.

Mvuvi_Kilwa:
Safi. Na yule dada?

Boda_Nzuguni:
Bado anapanda kwa jirani.