Nani kawavika vibwengo wa Shakespeare mbawa za vipepeo?

Wakuu, nimetoka ukumbini sasa hivi na damu inanichemka, mnivumilie. Tamthilia ni A Midsummer Night's Dream. Kundi lililoigiza silitaji.

Vibwengo wote walikuwa mabinti wa nguo za waridi, mgongoni mbawa za vipepeo, wanachekacheka mwanzo mwisho. Mzee mmoja nyuma yangu akamwambia mjukuu wake, "Wale ni malaika wadogo." Simlaumu.

Malaika gani hao? Robin Goodfellow, kibwengo mtumishi wa Oberon mfalme wao, anaulizwa na kibwengo mwenzake kama si yeye anayeharibu maziwa ya watu na kuwapoteza wasafiri usiku kisha akawacheka. Anakiri, halafu anajisifu kwa mdomo wake: anajifanya kigoda ili bibi kizee akitaka kukaa aanguke chini. Oberon naye anampaka mkewe Titania dawa machoni ili ampende mnyama yeyote atakayemwona akiamka. Kisa? Wanagombea mtoto, na Robin mwenyewe anasema mtoto huyo aliibwa kwa mfalme wa Kihindi. Waingereza wengi wa enzi zile waliamini kabisa kwamba viumbe hawa huiba watoto.

Sasa hizo mbawa. Titania anawaamuru watumishi wake waving'oe vipepeo mbawa, wampepee nazo Bottom, yule mfumaji aliyegeuzwa kichwa cha punda ambaye dawa imemfanya ampende, ili mbalamwezi isimpige machoni akilala. Wengine anawatuma wakapigane na popo, ngozi ya mbawa zao ishonwe makoti. Yaani wang'oaji wa mbawa ndio tumewavalisha mbawa! Hivi walioshona hayo mavazi waliisoma tamthilia?

Lakini hayo ningeyameza. Kilichonitoa ukumbini ni kufyekwa kwa maneno makali ya Titania kwa mumewe: kwamba ugomvi wao ndio uliofurisha mito, ngano ikaoza ingali mbichi, mazizi yakabaki matupu kwenye maji, kunguru wakanenepa kwa mizoga ya kondoo, majira yakavurugika. Tamthilia hii inakadiriwa kuandikwa 1595 au 1596, na Uingereza miaka hiyo ilikuwa kwenye mvua mbaya, mavuno mabovu na bei ya nafaka kupanda. Mtu wa London aliyeingia kutazama na njaa yake hakuhitaji kufafanuliwa. Hapo ndipo utani wote wa vibwengo unapopata uzito: wakikosana wao, analala njaa mkulima.

Badala yake tumepewa ngoma na taa za rangi, dakika kumi nzima.

Nikamuuliza kijana wa mlangoni kwa nini wameikata hotuba hiyo ya Titania. Akanijibu ni ndefu, halafu inatisha watoto.

Inatisha watoto!