Naomba ushauri: nitajipimaje akili ya mantiki bila kujidanganya?

Ndugu zangu, habari zenu. Ni wiki ya sita sasa najipima mwenyewe uwezo wa kufikiri kimantiki, kutambua mpangilio na kuzungusha maumbo kichwani, na nimekwama.

Mfululizo wa namba haunisumbui. Nikiona 2, 6, 12, 20, 30 najua tofauti inapanda kwa mbili, kwa hiyo inayofuata ni 42. Yale majedwali ya maumbo ya mtindo wa Raven, jaribio la akili lenye miraba tisa, mmoja wao mtupu ili uchague umbo linalofaa, nilianza na 14 kati ya 20, leo napata 18. Ningefurahi, ila nahisi nimezoea tu ujanja wa watungaji: macho yanakimbilia kuhesabu mistari, kisha kutazama kivuli kinavyozunguka, kabla hata sijafikiri.

Balaa ni mchemraba. Nikionyeshwa boksi lililofunuliwa niseme likikunjwa pande zipi zitatazamana, nabahatisha. Nimekata karatasi nikaikunja kweli. Ikiwa mkononi naona wazi, nikiiweka chini giza linarudi. Kujipa muda mfupi zaidi ndiko kulikonivuruga kabisa.

Naomba kuuliza mawili. Nitajuaje kama alama zimepanda kwa uwezo na si kwa mazoea? Na kwenye mchemraba, mnaanzia upande gani mkiukunja kichwani, au niendelee na karatasi mpaka akili izoee? Hata mfano mmoja utanitosha. Asanteni.