Benki Ujerumani: wanataka anwani, mwenye chumba hasaini, kazini wanataka IBAN. Naombeni ushauri

BintiKilema:

Habari za jioni wakuu. Naombeni mawazo yenu, nimekwama.

Mimi ni Mtanzania, nimekuja Ujerumani kusomea unesi kwa njia ya Ausbildung, yaani unasoma huku unafanya kazi na kulipwa. Niko Leipzig, hii ni wiki yangu ya tatu. Kazi nimeshaanza na wodini wamenipokea vizuri. Tatizo ni akaunti ya benki. Leo ni tarehe mosi, mama wa mishahara anataka IBAN yangu, yaani namba ya akaunti ya benki, kabla ya tarehe 15. Ikipita hapo, mshahara wa kwanza unasogezwa mwezi ujao.

Nilikwenda tawi lililo jirani na hospitali nikiwa na pasipoti, viza na mkataba wa kazi. Dada wa kaunta akaitazama viza, akasema hiyo haitoshi, anataka kadi ya ukaazi. Ofisi ya wageni wamenipa miadi ya kadi hiyo baada ya wiki sita. Akataka pia karatasi ya Anmeldung, ile ya kujiandikisha kuwa mkazi. Sina, kwa sababu chumba nimepangishwa na mtu ambaye naye ni mpangaji, na amegoma kunisainia fomu ya mwenye nyumba. Anasema mambo ya ofisi hataki.

Nikajaribu benki ya kwenye simu. Nikafika hatua ya kuongea na mhudumu kwa video. Akaniambia niilaze pasipoti chini ya taa ili alama zake zing'ae, nikailaza kushoto, nikailaza kulia, mwisho akasema pasipoti ya nchi yangu haipokelewi kwa njia ya video. Akakata. Nilibaki nimekaa kitandani na pasipoti mkononi.

Mfukoni nina euro 140. Rafiki wa kanisani anasema mshahara upitie kwenye akaunti yake, atanitolea. Mwingine anasema nijiandikishe kwa anwani yake hata kama siishi kwake. Wote wana nia njema lakini moyo wangu unasita. Mliopitia hapa nielekezeni.

Mwendapole:

Pole sana dada. Mimi ilinichukua karibu miezi miwili, kwa hiyo usidhani una mkosi. Kitu kimoja tu nikutoe hofu: mshahara haupotei. Hata usipoingia mwezi huu ni deni la mwajiri kwako. Nenda kwa mama wa mishahara umweleze ukweli, umuulize kama wanaweza kukupa Abschlag, malipo ya awali ya kukushikilia. Waajiri wanaochukua watu kutoka nje wanalijua hili tatizo.

Kakakuona:

Mnazunguka sana. Mimi nilipofika 2019 mishahara yangu miwili ya mwanzo ilipita kwa jamaa yangu, alinipa yote mpaka senti ya mwisho, leo tunaishi kama ndugu. Mtu ana euro 140 na kodi ya chumba inamsubiri. Apitishe kwa huyo rafiki, mambo ya sheria yatafuata.

MzeeWaRuhr:

Binti, naishi huku tangu 1998 na nimewasindikiza vijana wengi benki. Soma hii taratibu.

Ulikwenda kuomba akaunti ya kawaida, Girokonto. Kwa akaunti hiyo benki ina hiari ya kukukubali au kukukataa. Lakini ipo akaunti inaitwa Basiskonto, na hiyo ni haki yako. Sheria yake ilianza kufanya kazi Juni 2016, imetokana na agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2014. Anaistahili mtu yeyote anayekaa kihalali ndani ya Umoja wa Ulaya: mwenye viza kama wewe, mwomba hifadhi, hata mtu asiye na makazi maalumu. Umeona hapo? Kama asiye na makazi anafunguliwa, basi Anmeldung haiwezi kuwa sharti. Wanachohitaji ni pasipoti iliyo hai na anwani ya posta ambako barua zitakufikia. Na viza ya kitaifa iliyobandikwa kwenye pasipoti yako ndiyo kibali chako cha ukaazi mpaka kadi itoke. Mhudumu asiyelijua hilo atakuzungusha bure.

Nenda tawini, anza na Sparkasse, zile benki za akiba za umma, karibu kila mji zipo. Sema neno lenyewe: "Ich möchte ein Basiskonto beantragen," yaani naomba kufungua Basiskonto. Usiseme unataka akaunti, sema Basiskonto. Wana fomu maalumu iliyowekwa na sheria. Ijaze palepale na uondoke na nakala yenye tarehe. Hapo benki ina siku 10 za kazi: ama wakufungulie, ama wakukatalie kwa maandishi na sababu waitaje. Sababu zinazokubalika zinahesabika, mfano kwamba tayari una akaunti nyingine hapa inayofanya kazi, au uliwahi kuifanyia benki hiyo uhalifu. Kuwa mgeni hakumo. Wakikataa, barua yao unaipeleka BaFin, mamlaka inayosimamia mabenki, inaweza kuiamuru benki ikufungulie.

Akaunti hii inapokea mshahara, inalipa kodi ya nyumba, inatoa kadi. Haikupi mkopo wa kuvuka salio, na kwa mtu anayeanza maisha naona hiyo ni afadhali. Ada ya mwezi iulize kabla ya kusaini. Mwaka 2020 mahakama ya juu ya shirikisho iliamua kwamba euro 8.99 kwa mwezi, ambayo benki moja ilikuwa inatoza kwa Basiskonto, imezidi. Kwa hiyo usiogope kuuliza bei.

Kakakuona, namshukuru Mungu jamaa yako alikuwa mwaminifu. Lakini nikueleze nilichokiona. Kijana mmoja wa kwetu alikubali akaunti yake ipokee hela za mtu anayemfahamu juujuu, kisha amtolee taslimu. Ziliingia euro 2,300. Zilikuwa za mama mmoja aliyetapeliwa mtandaoni. Wiki ileile akaunti ikafungwa, kodi ya nyumba ikagonga mwamba, na barua ya polisi ikaja. Sheria ya utakatishaji fedha ya huku inamtia hatiani hata aliyefanya kwa uzembe mkubwa bila kujua. Nilikaa naye kwenye benchi la polisi saa tatu nzima, anatetemeka mikono. Najua mshahara wa binti ni wa halali. Lakini ukimzoesha rafiki kupokea hela za watu, benki yake haitauliza ipi ni ya nesi na ipi ni ya tapeli.

Kakakuona:

Hapo nimekuelewa mzee. Nilikuwa naangalia upande wa anayepokea mshahara tu, sikumfikiria mwenye akaunti. Naondoa ushauri wangu.

DadaPendo:

Mimi niongelee hiyo fomu ya mwenye nyumba, maana hata ukipata Basiskonto bado Anmeldung utaihitaji kwa kadi ya ukaazi na kwa kodi ya mshahara.

Inaitwa Wohnungsgeberbestätigung na si fadhila. Anayekupangisha, hata kama naye ni mpangaji, anatakiwa kisheria akupe ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Asipotoa anaweza kutozwa faini ya hadi euro 1,000. Akikataa, wewe unatakiwa kuijulisha ofisi ya uandikishaji mara moja, wao watamwandikia.

Ila usianze na vitisho. Mara nyingi anayegoma ni mtu mwenye hofu: mwenye jengo hajui kwamba chumba kimepangishwa. Kaa naye jikoni, mpe chai, muulize anaogopa nini. Kama kweli hana ruhusa ya kupangisha, bora ulijue sasa, uanze kutafuta chumba kingine, ikiwezekana hosteli ya watumishi wa hospitali. Huko fomu wanazitoa bila maneno.

Anwani ya yule rafiki usiiguse. Anayetoa anwani kwa mtu ambaye haishi hapo anaweza kupigwa faini ya hadi euro 50,000. Mtu alikuhurumia, usimwingize kwenye shimo hilo.

Miadi ya Anmeldung chukua leo. Kisheria ni wiki mbili tangu kuhamia, kwa hiyo umeshachelewa. Uthibitisho wa miadi utunze, unaonyesha hukukaa tu.

Nyali_Hamburg:

Pole sana dada, mimi ni Mkenya hapa Hamburg. Kitu hakuna mtu amesema ni sanduku la barua.

Benki itakutumia kadi kwa barua moja na PIN kwa barua nyingine, siku tofauti. Mtu wa posta huku haangalii namba ya chumba, anaangalia jina. Kama jina lako haliko kwenye sanduku, barua inarudi ilikotoka na benki haikupigii simu kukuambia. Yangu ilirudi mara mbili. Mara ya tatu nilikata kipande cha karatasi, nikaandika jina la ukoo kwa wino mzito, nikabandika kwa selotepu chini ya jina la mwenye nyumba. Kadi ikafika baada ya siku nne. Kama ni nyumba ya mtu, muombe ruhusa ubandike leo, usingoje akaunti.

Ya pili ni majina. Sisi tuna majina matatu kwenye pasipoti na hawa wanataka la kwanza na la ukoo. Kila mahali andika vile pasipoti inasema, herufi kwa herufi, kwa mpangilio huohuo, benki na kazini. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinalinganisha jina na IBAN kabla hela itumwe. Kazini waliandika jina la babu yangu kama la ukoo, onyo likatokea, mshahara ukasimama hadi nikaenda kueleza.

MwanaKassel:

Naongezea kuhusu video. Ikikataa pasipoti, angalia kama benki hiyo ina Post-Ident. Unapewa karatasi yenye msimbo, unakwenda nayo posta pamoja na pasipoti. Mimi yule baba wa posta aliifungua pasipoti, akaigeuza, akachapa jina langu kwa vidole viwili, dakika saba nikawa nimemaliza. Hakukuwa na taa wala kung'aa. Video ilikuwa imenikataa mara tatu.

Kwa wanafunzi watakaosoma hapa: ile akaunti ya kuzuia hela ya viza, Sperrkonto, haimalizi kazi. Unaweka euro 11,904 na kila mwezi wanakuachilia 992, lakini zinaingia kwenye akaunti ya kawaida ambayo lazima uwe umeifungua. Nilifika nikidhani hela ninayo, nikakaa wiki tano siwezi kuigusa.

Mwendapole:

Na kama utafungua akaunti ya mtandaoni yenye IBAN ya nchi nyingine ya Ulaya, inayoanza kwa BE (Ubelgiji) au LT (Lithuania), kazini wakasema wanapokea ya DE (Ujerumani) tu, hawaruhusiwi. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 260 ya 2012 inakataza mlipaji kukuchagulia nchi ya akaunti. Waambie kwa upole, mara nyingi ni mfumo wao wa zamani tu.

BintiKilema:

Shikamoo MzeeWaRuhr, na asanteni wote. Nimesoma yote mara mbili. Ile sentensi ya Kijerumani nimeiandika kwenye karatasi. Swali: wakiniuliza anwani ya posta niandike ya hapa ninapoishi ingawa sijajiandikisha?

MzeeWaRuhr:

Marahaba mwanangu. Ndiyo, andika ya hapohapo unapolala, ndiyo kweli yako. Ukihitaji mtu wa kukusindikiza, tafuta Migrationsberatung, huduma ya ushauri kwa wageni; Caritas na Diakonie, mashirika ya misaada ya makanisa, wanayo na ni bure. Kama hujafika miaka 27 kuna Jugendmigrationsdienst pia, ya vijana.

BintiKilema:

MREJESHO.

Tarehe 3 nilikwenda benki ya akiba. Kaka wa kaunta aliposikia sentensi yangu alisema hawana kitu hicho kwa mtu asiye na Anmeldung. Nikamwonyesha karatasi, nikamwomba anikatalie kwa maandishi. Akanyamaza, akaingia ndani, akatoka na mama mtu mzima mwenye miwani. Yule mama akaangalia viza, akasema "natürlich," yaani bila shaka, akatoa fomu kwenye droo. Tulijaza pamoja, akanisubiri kila nilipokwama neno, na nakala akanigongea muhuri wa tarehe bila hata kumwomba.

Mwenye chumba nilikaa naye kama alivyosema DadaPendo. Ni kweli alikuwa anaogopa, alikuwa hajamwambia mwenye jengo. Amemwandikia, amekubaliwa, fomu amesaini juzi. Miadi ya Anmeldung ni Jumatatu.

Jina nilibandika kwenye sanduku siku ileile. Jana nimekuta barua ya benki yenye IBAN, leo saa mbili asubuhi, tarehe 14, nimempelekea mama wa mishahara. Kadi na PIN bado. Sehemu moja ya fomu iliachwa wazi, namba ya kodi, Steuer-ID. Yule mama alisema nitaileta baadaye. Hiyo naombea wapi?

MzeeWaRuhr:

Huiombi. Baada ya Anmeldung itakuja yenyewe kwa posta, tarakimu 11, kwa kawaida wiki chache. Ikifika ipeleke benki na kazini, wakikosa hiyo kazini watakukata kodi kubwa. Na hilo jina usilibandue kwenye sanduku.