Kuonyesha mpira kibandani kwa king'amuzi cha nyumbani, ni wizi au siyo?

Mtoto wa Fundi
Wakuu habari za wikiendi. Nina kibanda umiza huku uswazi, mabenchi 8 na TV 2, kiingilio mechi za kawaida jero, Simba na Yanga buku. King'amuzi nimenunua kwa hela yangu na kifurushi nalipia kila mwezi. Sasa juzi shemeji yangu kaja, kakaa mbele, kaangalia mechi bure tena na soda nimempa, mpira umeisha ananiambia eti shem unajua wewe ni mwizi? Na hapo pembeni kuna dogo anawawekea watu muvi za kutafsiriwa kwenye flashi, yeye hajaambiwa kitu 😂 Mimi sijavunja mlango wa mtu wala sijaunga waya wa jirani, huo wizi uko wapi?

Kapuku Mtata
Huyo shemeji ana wivu tu. Mtu akikuibia baiskeli unatembea kwa mguu. Wewe umeonyesha mpira, wenye mpira bado wanao, nani kapungukiwa? Mdai hela ya soda.

Bush Lawyer TZ
Kapuku usimpoteze mwenzio. Kuitwa mwizi hapana, hapo shemeji kakosea, maana Kanuni ya Adhabu kifungu cha 258 wizi ni kuchukua kitu cha mtu kwa nia mbaya, na matangazo hujayabeba ukaenda nayo. Hata Marekani mwaka 1985 Mahakama ya Juu kwenye kesi ya Dowling, jamaa alikuwa anauza santuri za magendo za mwanamuziki Elvis Presley, walisema zile siyo mali za wizi kwa sheria aliyoshtakiwa nayo. LAKINI kosa la hakimiliki lilibaki palepale. Na sisi tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ina faini na jela. Kifurushi cha nyumbani umelipia uangalie na familia, ukishaweka mtu mlangoni anakusanya jero hiyo ni biashara nyingine. Mkataba wa Roma wa 1961, ule wa kimataifa wa kulinda haki za wasanii na vituo vya utangazaji, unataja kabisa kuonyesha matangazo ya TV sehemu yenye kiingilio, yaani ni kama walikuwa wamekaa kwenye benchi lako.

Mama Mekapu
Bishaneni na vifungu vyenu. Mimi nimepaka watu mekapu kwenye bongo muvi miaka kadhaa, kuna moja tulilala porini siku nne mbu wanatumaliza, imetoka Ijumaa, Jumapili nimepanda daladala konda anaangalia kwenye simu kawekewa kwenye memori kadi. Nusu ya hela yangu tuliambiana nitapewa ikishauza. Mpaka leo. Muvi haijapungua ni kweli Kapuku, ila mimi nimepungukiwa.

Kapuku Mtata
Duh pole dada. Ila kwenye mpira bado nabisha, wale matajiri.

Bush Lawyer TZ
Utajiri haumo kwenye sheria mkuu. Mtoto wa Fundi nenda kwa wakala wa king'amuzi chako uliza kifurushi cha biashara, alafu pita COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, wakueleze.

Mtoto wa Fundi
Nimeuliza bei wakuu, nikilipia hiyo inabidi kiingilio kiwe buku mbili na huku kwetu hakuna atakayekuja, ngoja nipige hesabu vizuri. Mama Mekapu umenigusa, nimeenda kumwambia dogo aache kuweka za kibongo, kaniuliza "na za Kikorea je?" nikakosa cha kumjibu.